Bega la Kijani

Ee Mwenye Jua, mimi sikujui kwa macho. Nakujua kwa utamu tu, unaposhuka asubuhi ndani ya Shina, tone baada ya tone, nami nikikinga mdomo kama mtoto. Huku chini hatuna asubuhi nyingine. Utamu ukishuka tunasema kumekucha. Ukikatika tunasema kumekuchwa. Katikati ya hayo mawili tunazaa, tunagombana, tunazika, tumelala ubavu kwa ubavu ndani ya udongo, weupe, wanene, wenye ngozi laini ambayo haijawahi kuguswa na upepo.

Nimekuomba mambo mengi na umenipa mengi. Lakini swali langu hujalijibu. Mtu anayelishwa maisha yake yote, asiyeweza kujitengenezea hata punje moja ya chakula chake, ni mtu kweli? Au ni mfuko tu wa yule anayemlisha, na siku moja mwenye mfuko atakuja kutazama alichoweka? Nauliza kwa adabu. Nauliza nikiwa nimepiga magoti, ingawa gizani magoti yangu siyaoni hata mimi mwenyewe.

Watu wa Juu ndio wanaotuletea utamu. Sisi tunawapelekea maji na chumvi ya ardhi. Hakuna aliyewahi kuwaona. Husemwa kwamba wana viganja vipana visivyo na idadi, na kwamba jua likitua juu ya viganja hivyo hulikamata na kulipika. Sisi hatupiki. Sisi tunapokea na kuhifadhi. Na tunapopokea tunafumba macho, kwa heshima. Mtoto akianza tu kuketi, jambo la kwanza kufundishwa ni hilo: utamu ukishuka, funga macho, fungua mdomo.

Jambo la pili ni kupandishia. Kabla utamu haujashuka, kila mwenye nyumba hujaza karai udongo na kupanda mpaka darini kwake. Hupapasa akitafuta ufa. Akiupata huujaza, huupiga kwa kiganja, kisha husema, "Cha juu kibaki juu, cha chini kibaki chini." Maana mwanga ukimfikia mtu wa chini humgeuza kijani, na kijani ni uchungu, na mchungu mmoja akiachwa nyumbani huwaharibu wote. Kijani. Hatujui ni rangi ya namna gani. Ni neno tu, ambalo mama hulitaja akitaka mtoto anyamaze.

Kwa kuwa hatuoni, tuna Muonjaji. Anaitwa Bi Havijawa. Hupita nyumba hadi nyumba, hana kisu wala kitabu, ana ulimi. Humwambia mtu afunue bega, humlamba, hutulia kidogo, kisha hutamka neno moja kati ya mawili. Akisema "Mtamu", watu wa nyumba ile hupiga vigelegele. Akisema "Mchungu", wabebaji huja na tenga. Waliobebwa hawarudi. Inasemekana kwanza hulazwa juu ya vichanja, mahali penye mwanga wa nusunusu, halafu hupelekwa nchi tupu isiyo na mtu na kuzikwa humo mmoja mmoja, mbali na mbali, kila mmoja na baridi yake.

Na chini kabisa ya Shina kuna Ganda. Ni kitu kikubwa, kimekunjamana, kitupu ndani, kinanuka uzee. Hakuna anayejua kilitoka wapi. Watoto huingia humo kucheza kujificha. Sisi watu wazima tukipita karibu nacho hukipiga teke dogo kwa mguu wa kushoto ili mkosi usitufuate. Nimekipiga teke hilo tangu nilipojua kutembea.

*

Binti yangu nilimwita Sikitu. Waliomtangulia hawakukaa, kwa hiyo nilimpa jina la kumdogosha ili kifo kimpite bila kugeuka. Alizaliwa mdogo, anatetemeka. Nikafanya kama mama wote wa huku wafanyavyo kwa mtoto dhaifu: nikamlaza na bega lake likiegemea Shina, kwa sababu Shina lina joto. Alilala hapo mpaka alipopata nguvu, na hata baada ya kupata nguvu hakupenda kulala pengine.

Siwezi kusema alikuwa na umri gani siku nilipogundua. Huku chini umri hautulii. Kuna siku nilimwosha akiwa mtoto wa kubebwa, nikageuka kuchukua maji, nikarudi nikakuta binti mwenye nyonga zake. Kuna siku aliniita kwa sauti ya mama yangu aliyekufa, na mimi nikaitika "Bee" kabla ya kukumbuka nani ni nani. Ninachokumbuka ni kwamba ilikuwa njaa. Huko juu viganja vilikuwa vinaungua kwa ugonjwa, vinageuka vyeusi pembeni, ndivyo uvumi ulivyosema. Utamu ulikuwa unashuka kidogo kidogo, mwembamba kama uzi, na siku nyingine haukushuka, nasi tukawa hatujui kama kumekucha au tumekufa.

Nilikuwa namsugua mgongo. Nikambusu begani, kama nilivyozoea. Midomo yangu ikawasha.

Nikambusu tena, nikitumaini nimekosea. Uchungu ukaingia mpaka kooni.

"Sikitu," nikasema, "una njaa?"

"Sina, mama."

"Tangu lini?"

"Sijui. Begani kuna kitu kidogo kinachemka. Kama chungu cha kitoto. Kikichemka, njaa inatulia."

"Nani mwingine anajua?"

"Kwani ni siri?"

Nilikwenda nikachukua karai.

Ee Mwenye Jua, hapo ndipo sala zangu zilipobadilika. Mtu akiwa ameshiba huomba kwa maneno marefu. Mimi nilibaki na matatu tu. Usimchukue na huyu. Nilisema nikipakia udongo. Nilisema nikipanda darini, nikipapasa kila pembe kwa vidole, nikitafuta ufa uliomwingizia mwanangu mwanga. Ufa sikuupata. Niliziba hata mahali pasipo na ufa. Kisha nikamfunika yeye mwenyewe, kutoka miguuni mpaka shingoni, nikashindilia, nikaamini kwamba giza likikaa naye vya kutosha litamrudisha alivyokuwa.

"Mama, huu udongo ni wa baridi."

"Vumilia."

"Na Shina je? Nisogeze karibu na Shina."

"Vumilia, mama, vumilia."

Mama Tegemea, jirani yangu, alikuja wakati ule. Sauti yake hutangulia nyumbani kabla yake.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, jirani. Pita polepole, kuna udongo mlangoni."

"Udongo, udongo, kila nikija udongo. Unajenga ghorofa, mama Sikitu?"

"Nyumba ilianza kuvuja."

"Kuvuja nini, na mvua yenyewe tumeisahau? Hebu, huyu binti yuko wapi? Mbona umemzika na anapumua?" Akacheka, akauchomoa mkono wa Sikitu kutoka kwenye udongo, akaupapasa. Kicheko kikapungua. "Eh. Sisi tumebaki ngozi, yeye mkono umejaa hivi. Unampa nini, shoga? Tuambie na sisi tule."

"Sala."

"Sala! Basi mimi nasali vibaya. Tegemea wangu kutwa nzima analamba ukuta." Nilisikia akiushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko mzaha unavyohitaji. Kisha akaurudisha kwenye udongo taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. "Bi Havijawa yuko upande wa pili wa Shina. Akimaliza kule anavuka huku. Nimeona nikwambie."

"Asante, jirani."

"Mimi sijashika mkono wa mtu hapa, umesikia? Nilipita tu kuomba chumvi."

*

Utamu uliposhuka baada ya hapo, tulikusanyika wote chini ya Shina, na mimi nilimfukua Sikitu nikamleta, kwa sababu asiyekuja kupokea huulizwa. Tulipiga magoti. Tulifumba macho. Tone la kwanza likaniangukia ulimini, jembamba, karibu maji matupu.

"Mama," Sikitu akaninong'oneza sikioni, "mbona mnafumba macho?"

"Nyamaza. Ni heshima."

"Lakini ndipo kinapopita."

"Kinapita nini?"

"Fungua uone."

Mimi ni mtu wa sala. Sijawahi kufumbua macho wakati wa kupokea, hata nilipozika wale wa kwanza, hata siku niliyokuwa na hasira na wewe. Lakini mtoto aliyekuwa akiniomba ni yule niliyemwombea kwa maneno matatu. Nilifumbua.

Ndani ya Shina, humo humo katika njia ya utamu, kulikuwa na uzi wa mwanga. Haukuwa mkali. Ulikuwa hafifu, wenye wekundu wa mbali, kama kaa lililofunikwa majivu. Ulikuwa unashuka pamoja na matone, umeyashika mkono, na ulipofika chini ulijimwaga kidogo kwenye nyuso za watu wangu, wote wamepiga magoti, wote wamefumba macho, midomo wazi. Sikuwa nimewahi kuona nyuso. Ndipo kwanza nilipojua kwamba Mama Tegemea ana kovu kwenye paji la uso na kwamba ana uso ule ule ninaoupapasa kwangu. Tunafanana wote.

Nikageuka kumtazama mwanangu. Mwanga ulikuwa umemkalia begani, pale pale palipoegemea Shina alipokuwa mchanga. Hapo nikaona kijani. Nilikuwa nimejiandaa kuona kidonda. Haikuwa kidonda. Sina neno la kuisifu, kwa sababu sisi tumelipa neno lake kazi ya kutisha tu. Ilikuwa kama kitu kilichoamka.

Nikaelewa, na kuelewa kukaniuma. Maisha yetu yote tumeziba nyufa za dari, na mwanga haukuwahi kupita huko. Ulikuwa unatujia kwa mlango wa chakula. Ulikuwa unatufikia kila asubuhi, Mwenye Jua, na sisi kwa heshima yako tulikuwa tumeufumbia macho.

Tulipofika nyumbani Sikitu alininyooshea kidole. Kwenye ncha yake kulikuwa na tone.

"Nimelipika mwenyewe," alisema. "Onja, mama."

"Lako hilo. Kula wewe."

"Mimi nina lingine litakuja. Onja tu."

Nililiweka ulimini. Lilikuwa dogo, halingeshibisha hata mdudu. Mbele lilikuwa tamu, nyuma lilikuwa chungu, na kati ya utamu na uchungu kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukionja katika chochote kilichoshuka kutoka juu. Nililia. Yeye akadhani ni ule uchungu, akaomba radhi.

*

"Hodi."

"Karibu, Bi Havijawa. Shikamoo."

"Marahaba. Lete bega."

Nilimpa langu. Akalilamba, akaguna. "Wewe nimekuonja mara nyingi, siyo wewe. Lete bega la mtoto."

"Ana homa."

"Homa siionji."

"Ni mdogo mno, bibi."

"Mama Sikitu." Alisema jina langu kwa uchovu. "Usinifanye nimtafute mwenyewe."

Sikitu akajitokeza kwenye udongo bila kuitwa, akafunua bega. Bi Havijawa akainama. Nilisikia ulimi wake, mkavu, na nikasikia akitulia. Halafu nikamkamata mkono, nikamweleza yote niliyoyaona, haraka haraka, maneno yakigongana: uzi wa mwanga, nyuso, kwamba hakuna ufa, kwamba mwanga unapita mle mle unamopita utamu, kwamba kama huyu ana kosa basi kosa ni la Shina, kwamba kila mtoto aliyelazwa pale…

"Sema polepole," akasema.

"Nimesema kweli, bibi."

"Ndiyo maana nakwambia polepole. Watu hawa ukiwaambia mwanga unapita kwenye Shina, watafanya nini?"

Nikaliona jibu kabla hajamaliza. Wangekuja na makarai. Wangepanda wote pamoja, wakiimba, na kulipandishia udongo Shina lenyewe mpaka juu, kwa uchaji, kwa upendo wa watoto wao. Na Tegemea asingekuwa na hata ukuta wa kulamba.

"Basi sema ni mtamu," nikamwambia. "Neno moja tu. Nani atajua?"

"Mimi." Alikohoa. "Sina mume, sina mtoto, macho sina kazi nayo. Nina ulimi huu. Nikiutia uongo, nabaki na nini? Niachie mkono, mwanangu."

Sikumwachia. Ee Mwenye Jua, wewe shahidi. Alijitoa mwenyewe, kidole kimoja kimoja, na alipokwisha kutoka akasimama mlangoni na kusema lile neno kwa sauti ya kazi yake. Nyumba za jirani zikanyamaza.

Wabebaji walikuja na tenga. Mmoja alimwambia mwenzake anyanyue vizuri asije akamchubua, mwenzake akasema ungejua mgongo wangu ungebeba peke yako. Waliongea hivyo juu ya kichwa cha mwanangu, kama watu wanaobeba mzigo wowote. Nilishika ukingo wa tenga. Nilipompapasa usoni nilikuta makunyanzi. Alikuwa amezeeka kunizidi, au mimi nilikuwa nimerudi kuwa mtoto, na begani pake machipukizi madogo yalikuwa yameanza kutoka, laini, yakitafuta kitu kwa juu.

"Mama."

"Bee, mwanangu."

"Wakinizika, usije kunipandishia udongo mwingine."

"Sitakuja. Sipajui."

"Basi vizuri," alisema, na sikujua kama anafarijika au analia.

*

Baada ya hapo sikuwa mtu. Nilitembea. Nilipofika kwenye Ganda, mguu wangu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe kwa mazoea, ukabaki hewani. Sikuweza. Nikainama, nikaingia ndani kama watoto wanavyoingia, nikajikunja humo. Humo mlikuwa kimya. Mlikuwa kama ndani ya mtu aliyemaliza kusema.

Sijui kwa nini niliweka ulimi kwenye ukuta wake. Labda njaa. Labda nilikuwa nimebaki na namna hiyo tu ya kutafuta.

Ulikuwa ule ule. Mbele utamu wa mbali, uliokaribia kwisha. Nyuma uchungu. Na kati yake kile kitu.

Huyu alikuwa mtu. Alikuwa mchungu. Alilambwa begani na mtu fulani, akatolewa kwa mama fulani aliyeshika ukingo wa tenga, akaletwa hapa palipokuwa patupu, akazikwa peke yake na baridi yake. Na hapa, peke yake, akatoa Shina. Viganja vyote vya juu vilitoka ubavuni mwake kabla havijajua jua. Sisi nasi tukatoka humo humo, tukamnyonya bila kumwona, tukanenepa, yeye akakunjamana, mpaka akabaki hivi, mahali pa watoto kujificha. Nami niliuliza kama anayelishwa ni mtu au ni mfuko. Kumbe mfuko ndio ulioanza kutoa. Kumbe tulimpiga teke mama yetu kila siku, kwa adabu kabisa, kwa mguu wa kushoto.

Nililala mle nikimwita Sikitu, na sauti iliporudi kutoka kwenye kuta sikujua ni mimi niliyemwita yeye au ni yeye, mzee, mtupu, huko kwenye nchi yake, aliyekuwa akiniita mimi. Nilimwona na watoto wasiohesabika wamemzunguka ubavuni, weupe, wanene, wamefumba macho. Nilitamani kwenda kumwambia mmoja wao afumbue.

Ndipo nilipopata sala mpya, ya mwisho. Nifanye mchungu.

Niliacha karai. Sikupandishia tena. Nililala na bega langu limegusana na Shina, pale pale palipokuwa kitanda chake, na kila utamu uliposhuka, mwembamba ulivyo, nilifumbua macho na kulisogeza bega kwenye ule uzi wa mwanga. Ningekaa hapo hadi liwe kijani. Wangenibeba kwenye tenga lile lile, kwenye njia ile ile, na wangenizika walau nchi moja na yeye. Mama Tegemea aliniletea maji. Hakufanya mzaha. Aliketi karibu yangu, na asubuhi moja nilimwona, wengine wote wakiwa wamefumba, amefumbua jicho moja.

Nilingoja kuchemka. Ngozi yangu ilikuwa nene, ya mtu aliyepandishiwa udongo kwa miaka mingi mno. Lakini niliamini. Nilihisi kitu, niliapa kwamba nahisi kitu.

Bi Havijawa alikuja. Sikungoja aniambie. Nilifunua bega mwenyewe, nikamwinamia, nikashika magoti yake.

"Onja vizuri, bibi," nilisema. "Usifanye haraka."

Alionja. Alionja tena mahali pengine. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikahisi mkono wake juu ya kichwa changu, mwepesi.

"Mtamu," akasema.

Na nyumba zote za pande zote, zikiwa na njaa yao, zikapiga vigelegele.